Vidole vya Waliosoma

Vijana mnaobaki na mashine mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili msiyarudie makosa niliyoanza nayo mimi. Nimekubali. Kazi yetu ya kurudufu na kufunga vitabu hapa Mtwara haina siri nyingi, ina makosa mengi tu, na langu kubwa kuliko yote liliwaunguza watu vidole. Nitalifikia, lakini kwanza niwaeleze nilikotoka.

Niliingia ofisini mwaka uliofuata Uhuru, nikiwa tarishi. Nilikuwa na elimu ya darasa la sita niliyoipatia Mikindani, na cheti ambacho mende walikuwa wamekila upande wenye muhuri. Siku ya kwanza nilipewa baiskeli, mfuko wa turubai na onyo la kutogusa taipureta. Siku ya nne mtu wa mashine ya kurudufu alihamia Lindi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu na mlango, nikaambiwa nije nizungushe mkono wa mashine. Nimeuzungusha mpaka mwisho wa mwezi uliopita.

Stensili, zile karatasi za nta zinazopigwa taipu, zipigwe asubuhi. Hilo nililijua kwa kuaibika. Jua likishafika dirishani nta inalainika, na kila ukipiga herufi o kile kiduara cha katikati kinadondoka, kwenye karatasi linatoka doa jeusi. Kijitabu changu cha kwanza kilihusu usafi wa visima. Kilijaa madoa kiasi kwamba mwalimu mmoja wa Nanyamba aliandika barua kuuliza kama yale ndiyo mayai ya mbu, maana wanafunzi wake walikuwa wameanza kuyahesabu.

Kufunga vitabu nilifundishwa na Bi Verona. Alikuwa mwalimu kutoka kisiwa kimoja cha Karibi, mbali huko ng'ambo ya Afrika, amekuja kufundisha walimu kwa mkataba. Alileta masomo yake ofisini tuyarudufu. Aliponiona nabana karatasi kwa pini zilizoshika kutu alininyang'anya, akaomba sindano, uzi na nta ya nyuki. Baba yake kule kisiwani alikuwa mfungaji wa vitabu, na yeye alikuwa akishona kurasa tangu utotoni.

Sokoni akina mama walimsemesha Kimakonde, kwa kuwa sura yake ilifanana na yao. Alipotabasamu bila kujibu, mmoja alisema, "Huyu mtoto wa nani anayeringa hivi? Akirudi kwao wamfundishe salamu." Nilipomfasiria alicheka mpaka akashika meza ya samaki. Kwao walikula muhogo kama sisi. Mikorosho walikuwa nayo pia. Alipokuwa mdogo aliwahi kuuma korosho mbichi na ganda lake, midomo ikavimba, na bibi yake akamwambia sasa ana adabu.

Alikuwa na sanduku la riwaya zilizoandikwa na watu wa visiwa vyake. Aliniazima moja. Nilisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, halafu miwili. Watu wa kitabuni walisema Kiingereza ambacho mimi sikukijua, nikadhani mpiga chapa alikuwa mlevi. Mtu wa kazi hawezi kuacha kosa likapita. Nikachukua penseli nyekundu nikasahihisha kurasa arobaini. Bi Verona alipokifungua alikaa chini.

"Bwana Bakari, umemsahihisha bibi yangu."

"Bibi yako ndiye aliyeandika?"

"Hapana. Lakini ndivyo anavyosema."

Nilifuta kwa wiki nzima. Mkifungua kitabu hicho leo mtaona uwekundu bado umebaki.

Kilichonishika hakikuwa maneno. Kulikuwa na kurasa mbili nzima za mwanamke anayekuna muhogo, anakamua maji yake, anaanika, huku akimsema jirani. Basi. Hakufa mtu wala hakuolewa mtu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimerudufu vitabu vilivyowaambia watu wa Mtwara la kufanya, na sikuwa nimerudufu hata kimoja kilichosema wanafanya nini. Na hapa mwanamke wa kisiwa nisichokijua alikuwa amekuna muhogo wake, ukavuka bahari mbili, ukanifikia mimi.

Jioni, kabla jua halijazama, nilikuwa nikimsimulia mke wangu Asumini nilichosoma. Alikuwa mtu wa Msimbati, huko kwenye ghuba ya Mnazi, na mikono yake haikukaa bure. Alinisikiliza huku akimenya muhogo wa makopa.

"Huyo ni mtu wa Msimbati," alisema juu ya yule mwanamke. "Wamembadilisha jina tu."

"Ni wa Karibi, Asumini."

"Mbona ana maneno kama shangazi yangu? Endelea. Jirani alijibu nini?"

Sura ikiisha vibaya alinikasirikia mimi. Sura ikiwa ndefu alisema huyo mwandishi hana kazi shambani. Halafu akaanza kulipa hadithi kwa hadithi. Alinisimulia mwaka alipoingia kubangua korosho akiwa mwali, mikono imepakwa majivu. Akanisimulia alivyovuka mlango wa Ruvuma maji yakiwa yamepwa, na chumvi kichwani, kwenda kumzika mama yake ng'ambo, akakuta wameshazika jana yake, akageuka na chumvi yake ile ile. Nikaanza kuandika kwenye madaftari.

Aliliona daftari. "Unaniandika?"

"Ukikataa naacha."

"Andika. Lakini usinipambe. Mtu akipambwa sana, wanaomjua wanamkosa."

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Siku ile ile Asumini aliniambia, "Nifundishe basi, nisome mwenyewe." Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kutengeneza vitabu vya watu wazima kujifunza kusoma, nilimjibu, "Wewe tena? Subiri kazi ipungue." Kazi haikupungua. Aliuliza mara mbili zaidi. Mara ya nne hakuuliza.

Mkataba wa Bi Verona uliisha. Aliniachia sanduku lote, nami nikaliweka stoo ya ofisi, chini sakafuni, mahali nilipodhani ni salama. Nilikuwa nikienda kuchukua kimoja kimoja kutoka juu. Siku niliyofika katikati, niliinua kitabu nikakuta udongo wenye umbo la vitabu. Mchwa walikuwa wamesoma haraka kuliko mimi. Vilibaki saba.

Masika ya mwaka huo Asumini aliugua siku tisa, akafariki. Tulimzika kwao Msimbati. Sina zaidi la kuandika hapo. Arobaini ilipokwisha niliyafungua madaftari.

Mkuu wetu wa ofisi wakati huo alikuwa Bwana Anania, mtu wa bara, mwadilifu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Nilimpelekea kurasa tisini zilizopigwa taipu. Aliziweka juu ya meza akazipigapiga kwa kidole.

"Mzee Bakari, pole tena kwa msiba."

"Nimeshapoa, Bwana."

"Hiki ni nini? Kilimo?"

"Ni maisha ya mke wangu."

"Alikuwa kiongozi?"

"Alikuwa mkulima wa muhogo."

Alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kama wanavyofanya wakubwa. Hakuwa na dharau. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta namna nzuri ya kusema jambo baya. "Nani atasoma? Niambie kweli. Watu wetu wamejua kusoma juzi. Wanataka mbolea, wanataka afya ya mtoto. Nani atakaa kusoma mwanamke wa Msimbati anamenya muhogo?"

"Mimi nilisoma mmoja wa Karibi, Bwana."

"Wewe ni wewe," alisema. Hata hivyo aliniruhusu kutumia mashine alasiri baada ya kazi, na karatasi za vijitabu vya unyunyiziaji wa mikorosho vilivyokosewa, ambazo upande mmoja ulikuwa mtupu. "Nakala sitini," alisema. "Zikirudi hazijafunguliwa, tutakuwa tumejua."

Kwa hiyo mjue nilichokuwa nakitafuta. Sikutaka sifa. Nilitaka jibu la "nani atasoma", na nililitaka liwe la kweli, hata kama ni "hakuna". Lile la kumnyima Asumini kusoma nililiandika mwenyewe kwenye sura ya kwanza, bila kulipunguza. Kama hakuna atakayesoma, basi nilimnyima mara mbili.

Mtu yeyote atakayelazimika kutumia karatasi ya upande mmoja afanye hivi. Kunja kila karatasi katikati, maandishi ya zamani yabaki ndani, upande wako uwe nje. Mkunjo uwe ukingo wa kufungulia, na ncha mbili zilizo wazi zishonwe mgongoni. Kitabu kinakuwa kinene na cha heshima, na mikorosho yenyewe inalala ndani haionekani. Uzi nilitumia ule wa kushonea nyavu, niliopewa na washona nyavu wa Mikindani, nikaupitisha kwenye nta. Majalada yalikuwa ya maboksi.

Lakini ule udongo wenye umbo la vitabu ulikuwa haujanitoka machoni. Niliapa mchwa hawatamla Asumini. Nikaenda kwa Fundi Hamisi, seremala wa Mikindani, ambaye hupaka nguzo na milango mafuta ya maganda ya korosho, na mchwa hawaisogelei hata miaka ishirini ipite. Akanipa kopo.

"Unapaka mlango?"

"Napaka kitabu."

Alinitazama. "Kina bawaba?"

Kila mtoto wa Mtwara anajua mafuta yale yanaunguza. Na mimi nilijua. Nilidhani yakichemshwa na kukauka yanakufa, kama kwenye mlango. Sikufikiri kwamba mlango mtu anausukuma akapita, lakini kitabu anakikumbatia saa nzima, na joto la mkono linaamsha kilicholala. Tena mikono yangu niliipaka majivu na mafuta ya nazi, kama wabanguaji wanavyofanya, kwa hiyo sikudhurika hata kidogo. Migongo sitini ilikauka kivulini siku tatu, ikang'aa rangi ya asali iliyoungua. Niliiona mizuri sana.

Vitabu vilikwenda kwenye madarasa ya watu wazima: Msimbati, Mikindani, Nanyamba, na nakala chache kwa wafanyakazi wa bandarini. Moja niliiweka mezani kwa Bwana Anania. Alisema ataitazama akipata nafasi. Baada ya wiki nikamuuliza, akasema nafasi bado.

Wiki ya tatu alikuja dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Msimbati, mtu mnene mwenye mizaha, akaegemea mashine yangu.

"Mzee Bakari, huko kwetu pameingia ugonjwa wa vitabu."

"Ugonjwa gani?"

"Wanakuja na malengelenge. Kidole gumba na cha pili yake, mkono wa kushoto. Hawalimi nacho, hawapiki nacho. Nawauliza mmeshika nini, wanasema 'Asumini'. Nikadhani ni mti."

Nilikaa juu ya debe la wino. Aliendelea kucheka mpaka akaniona, akaacha.

Sikungoja niitwe. Niliingia kwa Bwana Anania nikasimama. Alikuwa akitia saini barua kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka mfukoni.

"Bwana, nimewaunguza watu. Nilipaka vitabu mafuta ya korosho kwa ajili ya mchwa. Kosa ni langu peke yangu. Naomba ruhusa nikavikusanye vyote, na kile chako nakiomba, ingawa wewe hujakifungua, na hakijakudhuru."

Aliweka kalamu chini. Kisha akatoa mkono mfukoni akauweka juu ya meza, kwenye barua. Gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimechubuka, ngozi inatoka kama ganda la kitunguu.

"Nilidhani ni sabuni," alisema.

"Umesoma, Bwana?"

"Mara mbili." Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Pale anaporudi na chumvi yake ile ile. Mama yangu nami nilimkuta wameshazika." Akarudisha mkono mfukoni. "Nenda kavikusanye. Hiki changu nitakitunza kwenye kitambaa."

Nilikwenda Msimbati kwa baiskeli na mfuko ule ule wa turubai. Darasa lilikuwa chini ya banda la makuti, akina mama kama ishirini, na mwalimu wao, kijana msafi mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilieleza kosa langu, nikaomba radhi, nikafungua mfuko. Hakuna aliyesogea.

Aliyejibu alikuwa Somoe, mdogo wake Asumini. Alifunua kitabu chake: mgongo alikuwa ameuzungushia kipande cha kanga, ameushona. Wenziwe nao walikuwa wamefanya vivyo hivyo, kila mmoja na kanga yake. Vidole vyao vilikuwa vimepakwa majivu.

"Shemeji," alisema, "tumebangua korosho tangu hatujaota meno. Leo tushindwe na kitabu?"

"Kinaunguza, Somoe."

"Tunajua. Kwani yeye alikuwa hachomi?"

Wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu masika. Mwalimu akaona apate sehemu yake. "Mzee, mimi nimekisoma chote, kitabu kizuri sana, kina mafunzo."

"Mwalimu," mama mmoja alimwambia kwa upole mkubwa, "tuonyeshe vidole."

Akavitazama vidole vyake. Vilikuwa safi, havina majivu wala lengelenge. Banda zima likapiga vigelegele, na mwalimu, Mungu ambariki, akaficha mikono nyuma kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Na wewe shemeji," Somoe akanigeukia. "Lete."

Nikanyoosha mikono. Haikuwa na hata kovu.

"Ala! Mwandishi mwenyewe hajasoma!"

Nikaeleza habari ya majivu. Hawakunikubalia. Somoe akafungua ukurasa wa kwanza, kidole kilichofungwa kitambaa kikifuata mstari. Miaka miwili nyuma alikuwa akitia dole gumba penye saini. Alisoma taratibu, neno kwa neno, kwa sauti: "'Mke wangu aliniomba nimfundishe kusoma, nami nikamwambia asubiri.'" Akaacha. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Alifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Ni yeye," alisema. "Na wewe ni wewe. Hukupamba." Kisha akawaambia wenziwe, "Mtu asirudishe kitu."

Nilirudi Mtwara na mfuko mtupu. Kule Mikindani na Nanyamba ilikuwa vivyo hivyo, isipokuwa nakala mbili, na hizo zilirudishwa na waume.

Bwana Anania aliagiza nyingine mia mbili, karatasi mpya pande zote mbili, gundi ya unga wenye mwarobaini kwa ajili ya wadudu. Hiyo ndiyo njia sahihi, ishikeni. Baada ya hapo nilitoa vitabu vingine viwili, kimoja cha wapagazi wa bandarini na kingine cha washona nyavu wa Mikindani, na vyote vilichakaa mikononi mwa watu, sifa ninayoipenda kuliko zote. Nakala moja ya zile sitini za Asumini niliituma Karibi, nimeizungushia kanga na onyo la herufi kubwa. Bi Verona alijibu kwa Kiswahili alichokuwa amebakiwa nacho: "Onyo nilisoma. Kanga nikatoa. Kidole kimevimba. Bibi yangu angesema sasa una adabu. Nimekiweka pamoja na vitabu vyetu."

Ninyi mtanirithi mashine. Mipira yake ya kuvutia karatasi imekauka, inywesheni gliserini. Mtu akikuletea kurasa, usimuulize nani atasoma. Weka stensili.

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu kwangu nilitoa nakala moja ya zile sitini, niliyoificha kwenye debe tangu wakati ule. Sikupaka majivu wala mafuta ya nazi. Nilikaa barazani nikaishika kwa mkono wa kushoto, mtupu, nikasoma tangu mstari wa kwanza mpaka anapogeuka na chumvi yake. Nilidhani baada ya miaka mafuta yatakuwa yamekufa.

Leo ni siku ya tatu. Gumba limetoka lengelenge, na la pili linakuja. Ijumaa nakwenda Msimbati kumwonyesha Somoe.